Ndoo Saba Zenye Alama Nyekundu

Katika stoo ya nyumba yetu ya mtaa wa Dallas, hapa Embu, kuna rafu ambayo niliwahi kuipiga picha ikiwa tupu. Si watu wengi wanaopiga picha rafu tupu. Mimi niliipiga mara nne, nikachagua ile iliyoangukiwa vizuri na mwanga wa dirisha, nikaituma gazetini pamoja na makala yangu. Bado imo kwenye simu. Mara kadhaa nimetaka kuifuta, na kila mara nimeona kwamba kuifuta ni namna nyingine tu ya kujificha, kwa hiyo imebaki pale, kati ya picha za watoto na picha ya jino langu bovu niliyompelekea daktari.

Makala yenyewe ilihusu kununua vitu vichache lakini vizuri, vitu visivyoharibu mazingira. Mimi ni mtu wa makala. Nilikaa chuo kikuu miaka mingi kuliko ilivyohitajika, na tangu nitoke huko nimekuwa nikiishi kwa kuwaeleza watu wengine namna ya kuishi. Nimewaeleza namna ya kulea watoto, nikiwa na watoto wasioniamkia. Nimewaeleza namna ya kusamehe, nikiwa na jirani ambaye tumenuniana kwa sababu ya ua wa mpaka. Mwaka huo nilikuwa nimefikia mazingira.

Nia haikuwa mbaya. Najua hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa aina yangu husema. Lakini kweli mvua ilikuwa imenyesha, na mtaro ulio nyuma ya mtaa wetu ulikuwa umefurika na kutapika barabarani kila kitu tulichowahi kukitupa: chupa, kandambili, vikombe vya maziwa ya mtindi, mdoli asiye na kichwa. Nilisimama pale na gumboti zangu nikaona aibu. Ilikuwa aibu ya kweli, nayo ni aibu ndogo ikilinganishwa na ile iliyokuja baadaye.

Jumamosi iliyofuata niliamua kuondoa plastiki nyumbani. Nilianzia stoo. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na ndoo saba, zile za mafuta ya kupikia, zenye vifuniko na vishikio vya waya. Zamani zilikuwa nyeupe. Sasa zilikuwa na rangi ya meno ya mvutaji sigara. Kila moja ilikuwa na nukta mbili nyekundu chini ya kishikio, za rangi ya kucha. Niliziona hizo nukta. Sitadai kwamba sikuziona.

Ndoo hizo zilitoka kwa mama yangu, kule Mitunguu, Meru, na hazikuja mara moja. Zilikuja moja moja, kwa muda wa karibu miezi miwili, kila mtu wa kule alipokuwa na safari ya Embu. Moja ilikuja na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, nyingine na njahi, yale maharagwe meusi, nyingine na ndizi mbivu zilizopangwa kama vidole vya mtu aliyekunja ngumi. Na kila zilipofika, mama alipiga simu. Hakuuliza kama chakula kilikuwa kitamu. Alijua kilikuwa kitamu. Alisema tu, "Ndoo irudi."

"Itarudi, mama."

Mke wangu alinikuta nimezibeba ndoo tatu kila mkono na moja kwapani.

"Unazipeleka wapi?"

"Zinatoka. Plastiki zote zinatoka."

"Hizo ni za mama yako. Zina alama."

"Plastiki ni plastiki."

Aliniangalia kama anavyoniangalia ninapojaribu kurekebisha bomba. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana desturi ya kusema jambo mara moja tu, halafu anaweka kumbukumbu. "Sawa," alisema. "Lakini mimi simo."

Nje kulikuwa na mwanamume wa mkokoteni, anayepita mtaani mwetu akikusanya plastiki kuukuu za kupeleka kusagwa. Nilimpa zote saba bure, na hotuba fupi juu yake. Akanishukuru kwa ndoo. Halafu nikarudi ndani nikapiga picha.

Wiki mbili baadaye vikafika vitu vyangu vipya, nilivyoviagiza kutoka duka moja la Nairobi la watu wenye dhamiri. Mitungi kumi na miwili ya kioo yenye vifuniko vya mwanzi. Miswaki ya mwanzi. Brashi ya vyombo ya nyuzi za nazi. Sabuni ya kipande iliyofungwa kwa kamba ya katani, kana kwamba ingetoroka. Kila mtungi ulikuwa umeviringishwa kwa nailoni ile ya malengelenge, tabaka tatu, na sanduku zima likajazwa vipande vyeupe vya povu ili dhamiri yangu isivunjike njiani. Watoto walipasua malengelenge siku nzima. Mke wangu alifagia yale mapovu, akayatia ndani ya gunia, akaliweka mlangoni pa chumba changu cha kuandikia.

Sikuliandika hilo katika makala. Niliandika kuhusu mitungi. Niliandika pia, na maneno haya nayakumbuka kuliko ninavyopenda, kwamba nilikuwa nimeziondoa "ndoo saba za plastiki, takataka zilizokuwa zikinisonga." Makala ilitoka Jumamosi. Msomaji mmoja alinitumia ujumbe wa kunipongeza, nami nikausoma mara tatu.

Jumatatu asubuhi mama alipiga simu.

Hapa ni lazima nieleze kuhusu ndoo, jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla, na ambalo kwa kweli nililijua, ila nililijua kama mtu anavyojua jina la kata yake. Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama pale Mitunguu. Wako ishirini na wanne, na kikundi kina ndoo ishirini na nne. Mwanamke akijifungua, au mtoto wa mmoja wao akiolewa, au msiba ukitokea, hao ishirini na wanne huenda pamoja, kila mmoja na ndoo yake ya chakula. Hawaendi na sufuria za nyumbani, kwa sababu sufuria huchanganyika na kupotea, na huzaa maneno. Wanaenda na ndoo za kikundi. Mwenye nyumba akishapakua, huosha kila ndoo na kutia kitu ndani kabla ya kuirudisha: sukari kidogo, vitunguu viwili, paketi ya majani ya chai. Ndoo hairudi tupu. Kisha zote hurudi kwenye kibanda cha mabati kando ya kanisa, zinahesabiwa, mlango unafungwa.

Ufunguo wa kibanda hicho ulikuwa wa mama yangu. Alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Ndiye aliyezitia zile ndoo alama, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata kifuniko kimoja. Wengine hujivunia mashamba. Mama hujivunia hesabu yake. Kanuni ya kikundi ilimruhusu mwenye ufunguo kuazima ndoo wakati hakuna shughuli, mradi zirudi kabla ya siku ya hesabu. Yeye aliziazima ili mimi nile.

"Ndoo zangu ziko?" aliuliza kwenye simu.

"Ziko, mama."

"Zote saba?"

"Zote."

"Na vifuniko vyake?"

"Na vifuniko vyake."

Tulizungumza Kimeru, lugha ambayo sijawahi kuiandikia makala hata moja. Kwa Kiingereza ningeweza kusema kwamba ndoo zilikuwa zinatafutwa. Kwa Kiswahili ningesema zimehifadhiwa mahali fulani. Kwa Kimeru nilijikuta na maneno mawili tu, ziko na haziko, nikachagua.

Mama alirudia swali, nami nikarudia jibu. Nilidhani ni mtandao.

"Haya," alisema. "Binti wa mwenyekiti amejifungua. Tunaenda kuona mtoto Jumamosi, wote ishirini na wanne. Hesabu ni Alhamisi. Zilete wewe mwenyewe."

Nilikata simu nikabaki nimeshika brashi ya nyuzi za nazi. Ndoo saba zikikosekana, wanawake saba wangesimama mikono mitupu mbele ya nyumba ya mwenyekiti, na mama yangu ndiye angeulizwa kwa nini.

Jumanne nilimtafuta mwanamume wa mkokoteni nikampata karibu na soko, amekaa juu ya gunia, anakula mahindi ya kuchoma. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mzee wa hotuba!"

Nilimwuliza kama ndoo zangu zilikuwa zimeshasagwa.

"Zisagwe?" Aliacha kutafuna. "Mzee, nani anasaga ndoo nzima? Inayosagwa ni ile imepasuka. Zile zako ziliisha siku ile ile, hata sikufika nazo sokoni. Akina mama walining'ang'ania hapo kwenye kona."

"Zilienda wapi?"

"Sasa mimi nitajua kila mtu? Lakini mama wa uji alichukua mbili."

Mama wa uji niliyeelekezwa alikuwa mwanamke mpana mwenye aproni ya bluu, na wakati huo alikuwa akiwauzia uji wanaume waliokuwa wakichimba mtaro wa maji nyuma ya soko. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya uji wa wimbi na moja ya maji ya kuosha vikombe. Nukta mbili nyekundu, chini ya kishikio. Vifuniko havikuwapo. Alikuwa amezifunika kwa sahani za bati.

Nilimwamkia vizuri, nikanunua kikombe cha uji, nikamweleza kwamba ndoo zile zilikuwa zangu.

"Ni zako vipi na mimi ndiye nimezinunua?"

"Zilitolewa kwa makosa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Alinipima kutoka viatuni kwenda juu. Nilikuwa nimejiandaa. Niliingia garini nikatoa mitungi miwili ya kioo, mizuri, mipya, nikamwambia tubadilishane. Aliuchukua mmoja akauinua juu akaniangalia kupitia ndani yake, kisha akawaita wachimba mtaro.

"Njooni muone! Huyu anataka nibebe uji ndani ya dirisha!"

Walikuja wakaona. Mmoja aliuliza kama nilikuwa na pazia lake. Mwingine, aliyesimama mtaroni mpaka kiunoni, alitaka kujua nini kingetokea mtungi ukianguka juu ya jiwe, halafu akajijibu mwenyewe kwa mlio wa mdomo, "Kwaaa!" Nilicheka nao, kwa sababu mtu akichekwa na watu wenye sululu hana njia nyingine.

"Sikiza, baba," mama wa uji alisema, sasa kwa upole, akinirudishia mtungi wangu. "Ndoo kama hii nimeitafuta muda mrefu. Haivuji, haishiki harufu, ukiiangusha inaruka tu. Siku hizi hawatengenezi hivi. Aliyeitupa alikuwa mjinga ama alikuwa tajiri."

"Si tajiri," nilisema.

Hilo liliwachekesha kuliko mtungi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angempigia mama yake simu. Mimi nilienda Meru. Kuna duka moja la vyombo mjini, la familia ya Kiislamu iliyokuwapo tangu babu yao, na nilikumbuka kwamba kikundi cha mama kilikuwa kikinunua vitu vyake hapo. Mwenye duka alikuwa mtu wa rika langu, mwenye kofia iliyofumwa, na Kiswahili kinachonifanya nikague changu.

"Karibu, mwalimu. Za arusi ama za matanga?"

Nilimwambia nilitaka ndoo saba nyeupe, zenye vishikio vya waya, zinazofanana na za mafuta ya zamani. Alizileta, akaigonga moja kwa kidole karibu na sikio lake.

"Nikwambie kweli ama nikuuzie?"

"Niuzie."

"Nitakuuzia, lakini nikwambie pia. Hizi ni nyepesi. Zile za zamani zilikuwa na ukuta mnene. Hizi ukimaliza mwaka, mshukuru Mungu. Kama unazo zile za zamani nyumbani, usizitupe."

"Sina."

"Basi pole."

Nilinunua pia chupa ndogo ya rangi ya kucha. Msichana wa duka la vipodozi aliniuliza kama ni zawadi, nikasema ndiyo. Alhamisi asubuhi, nikiwa njiani, nilisimamisha gari nje kidogo ya Nkubu, nikateremka kwenye shamba la ndizi la mtu nisiyemjua. Hapo, mwanamume aliyepita miaka hamsini, mwenye shahada mbili, alichuchumaa akiwa na ndoo saba, akizisugua kwa mchanga ili zizeeke, kisha akatia nukta mbili nyekundu chini ya kila kishikio, ulimi nje kwa makini. Nilijipinda nikaziangalia. Nilijiambia zinafanana. Siku tano kabla nilikuwa nimewaambia wasomaji wangu wajiulize mara tatu kabla ya kununua chochote. Sasa nilikuwa nimenunua plastiki mpya saba, mbovu kuliko nilizozitupa, na gari langu lilinuka saluni mpaka Mitunguu.

Akina mama walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya kibanda. Walinipokea kwa kelele.

"Mwandishi amekuja! Leo tutaandikwa!"

"Utuandike vizuri," alisema katibu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Usituandike kama vyombo."

Wote wakaangua kicheko. Nikacheka pia. Nilidhani ni mzaha wa kawaida.

Mama alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani. Alifungua kibanda, wakatoa ndoo kumi na saba, akazipanga kwenye nyasi. Halafu alikuja kwenye gari langu akachukua ile ya kwanza. Aliipima uzito kwa mkono mmoja. Alipitisha kidole gumba chini yake, mahali ambapo ndoo za zamani huwa na mikwaruzo ya kisu. Kisha akachukua kifuniko akakifunika, akaanza kukizungusha, polepole, mzunguko mzima, halafu tena, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

Hapo ndipo nilipoziangalia vizuri zile kumi na saba. Kila kifuniko kilikuwa na mstari mdogo mwekundu pembeni, na kila ndoo ilikuwa na mstari wake ukingoni. Kifuniko kikikaa mahali pake, mistari inakutana. Kila kifuniko na ndoo yake. Nilikuwa nimekula kutoka ndani ya vyombo hivyo maisha yangu yote nisiione.

Mama aliacha kuzungusha. Aliniangalia. Hakukuwa na hasira usoni pake, ningeshukuru kama ingekuwapo. Aliniangalia kama anayesubiri zamu yake ya kusema ipite.

Sikusema.

"Hizi ni mpya," alisema katibu, kalamu juu ya daftari.

"Ni mpya," mama alisema. "Zile zilikuwa zimepasuka. Nilimwambia huyu kijana aninunulie zingine."

"Zote saba?"

"Zote."

Nilisikia jibu langu mwenyewe la Jumatatu likitoka kinywani mwake, na nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ukimya ule ulikuwa mrefu, mtu angeweza kutoa ndani yake makala nzima. Mimi niliangalia mfereji wa paa la kanisa, ambao ulikuwa umelegea upande mmoja, nikafikiri kwamba unahitaji msumari.

"Haya, basi," mwenyekiti alisema hatimaye. Katibu aliandika. Mama alifunga mlango, akarudisha ufunguo ndani ya nguo yake, akaniuliza kama ningekunywa chai.

Wiki iliyofuata aliniambia kwenye simu kwamba ameacha kazi ya ufunguo. "Ile kamba inaniumiza shingo," alisema. Nilisema ni vizuri apumzike. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba nitamtafutia mto mzuri wa kulalia.

Baada ya hapo chakula hakikuja tena ndani ya ndoo. Ndizi zilikuja kwenye gunia, zimechubuka. Mukimo haukuja kabisa, kwa sababu mukimo hauji kwenye gunia. Mwezi wa saba baridi ya Embu iliingia kwenye vifuniko vyangu vya mwanzi vikaota ukungu. Mke wangu aliuweka mtungi mmoja mezani ukiwa na chumvi. Kumi na mmoja iliyobaki iko kwenye ile rafu.

Ilinichukua miezi mitano kurudi Mitunguu siku ya kikundi. Kijana wa mmoja wao alikuwa anapeleka mahari, na akina mama walikuwa wamepanga foleni mbele ya kibanda kuchukua ndoo. Mlangoni alisimama katibu, ufunguo shingoni, ukiwa kwenye kamba ile ile ya kiatu. Mama yangu alikuwa wa saba au wa nane kwenye foleni. Nilipita kando yake nikamwamkia, nikaenda mpaka mbele, na kabla ujasiri haujaisha nikasema kwa sauti:

"Zile ndoo hazikupasuka. Nilizitoa mimi. Mama hakujua."

Katibu alimpa mwanamke wa mbele ndoo, akaandika.

"Tulisoma," alisema.

"Mlisoma nini?"

"Gazeti. Mjukuu wa mwenyekiti alitusomea hapa hapa, kwa simu, baada ya kanisa. 'Ndoo saba za plastiki, takataka zilizokuwa zikinisonga.'" Aliyasema kwa Kiswahili changu cha gazetini, na kwa sauti yangu pia, na nyuma yake mtu akakohoa ili asicheke. "Tulicheka sana. Mama yako hakucheka."

"Siku gani?"

"Jumapili. Ile ya kabla ya hesabu."

Simu ya mama ilikuja Jumatatu. Ndoo zangu ziko? Alikuwa ameshajua. Alikuwa amenipigia ili niwe wa kwanza kusema, nami nilimwambia ziko, na vifuniko vyake.

"Kwa hiyo mlimnyang'anya ufunguo kwa ajili ya ndoo saba."

Katibu alivua miwani. Ikaning'inia kwenye uzi.

"Ndoo hupotea, mwalimu. Mimi mwenyewe mbili ziliniponyoka kwenye mazishi fulani, na mama yako aliandika tu, zimepotea mbili, tukatafuta zingine. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Lakini siku ile alisema uongo juu ya hesabu, na alijua kwamba tunajua. Jioni yake alileta ufunguo kwangu mwenyewe. Nilimkatalia. Akauweka mezani."

"Kama ningesema siku ile?"

"Ningeandika, zimetupwa saba." Alivaa miwani tena. "Yule uliyempa, alikulipa?"

"Nilimpa bure."

"Bure!" Hapo ndipo alipokasirika kweli. Aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Bure!" Mnung'uniko ulipita kwenye foleni nzima mpaka mwisho.

"Sasa nimesema," nilisema. "Anaweza kurudishiwa?"

"Muulize yeye. Mimi naulinda tu. Na usonge kidogo, umezuia mlango."

Nilisonga. Nilisimama kwenye nyasi, kando ya mfereji uliolegea, na sikumwuliza, kwa sababu jibu lilikuwa mbele yangu. Mama hakuwa ameniangalia hata mara moja. Alikuwa akiongea na mwanamke aliye nyuma yake kuhusu chumvi. Foleni ilisogea. Zamu yake ilipofika, katibu aliinama ndani akatoka na ndoo moja, na nilijua ni ipi kabla haijafika kwenye mwanga. Mchanga wa Nkubu ulikuwa umeiacha na mikwaruzo ya duara ambayo hakuna kisu kinachoweza kuifanya. Tayari ilikuwa imeanza kuingia ufa karibu na kishikio. Nukta zangu mbili zilikuwa kubwa mno, na moja ilikuwa imechuruzika.

Katibu aliiona pia. "Ngoja nikupe nyingine," alimwambia.

"Hii inatosha," mama alisema.

Aliipokea kwa mikono miwili, akajaribu kifuniko chake kisicho na mstari, akakikandamiza mpaka kikakubali. Halafu aliigeuza ndoo, ile alama ikaelekea tumboni kwake, akaikumbatia hivyo, akaenda kusimama na wenzake.